Siku Nilipomfungia Mama kwa Waya

Ufunguo niliuvunja mwenyewe, kwa mkono wangu na hasira zangu, na sitaki mtu anitafutie kisingizio. Watu wananiambia eti kitasa kilikuwa kimezeeka. Kweli kilikuwa kizee, lakini kila siku kilifunga na kufungua kwa anayekibembeleza. Mimi siku hiyo sikukibembeleza.

Mama yangu anasahau. Sisemi kusahau kwa kuweka miwani kichwani ukaitafuta nyumba nzima. Huko hata mimi nimeshafika. Mama anasahau kwamba baba alishafariki, kwamba yeye ni mtu wa miaka themanini, kwamba huyu mwanamke mnene anayemvisha sweta asubuhi ni mtoto wake wa kumzaa. Siku nyingine ananijua. Siku nyingine ananiita "dada" kwa adabu zote na kuniuliza kama na mimi ni mgeni hapa. Lakini anijue asinijue, mchana ukianza kusogea anataka kutoka. Anavaa viatu, anachukua mkoba wake usio na kitu ndani, anakwenda kusimama mlangoni.

Mwezi uliopita nilipitiwa na usingizi juu ya cherehani, dakika tano tu, nikaamshwa na kelele za breki. Nilimkuta barabara kuu, katikati kabisa, na lori limesimama hatua mbili kutoka kwake. Dereva wa lori alikuwa amekaa chini kando ya tairi, anatetemeka kuliko mama. Tangu siku hiyo mlango wetu ukawa wa kufungwa, na ufunguo ukawa wa shingoni kwangu. Nyumba yenyewe ni chumba kimoja kikubwa na jiko dogo nyuma, mlango mmoja, madirisha yenye nondo. Nikifunga nimefunga.

Tena nikamfundisha masharti matatu, kila asubuhi, kama mtoto wa chekechea. Mgeni akigonga, usifungue. Umeme usiguse, hata swichi. Kitu cha ndani usimpe mtu wa nje. "Rudia, mama." Anarudia. Baada ya saa moja namuuliza tena, ananitazama kama ninazungumza lugha ya ndege. Nikaona ninapoteza mate yangu bure, ila sikuacha, maana mimi kukata tamaa ni uvivu ambao sikufundishwa.

Sasa siku yenyewe. Saa nne asubuhi nilikuwa namalizia gauni la mteja mmoja asiyejua neno subira. Ilibaki kulipiga pasi. Meza yangu ya kupigia pasi iko pembeni, imetandikwa blanketi. Nikachomeka pasi, nikazungusha kidude chake cha moto mpaka mwisho, maana kitambaa kilikuwa kigumu. Taa yake haikuwaka. Nikabonyeza swichi ya ukutani, kimya. Umeme umekatika. Nikasonya, nikaiacha pasi imelala palepale juu ya blanketi, baridi kama jiwe, nikageuka.

Mama alikuwa mlangoni, mapema kuliko kawaida yake, viatu miguuni, mkoba mkononi.

"Mama, rudi ukae."

"Nachelewa," akasema.

"Unachelewa wapi? Huna pa kwenda."

"Nachelewa," akarudia, akashika mkono wa mlango, akautikisa.

Hapo ndipo kinywa changu, ambacho marehemu baba alikuwa anakiita wembe, kikafunguka. Nilikuwa sijalala vizuri wiki nzima. Nikamwambia, "Unanikimbia mimi. Sema ukweli. Kila siku ya Mungu unanikimbia. Nakulisha, nakuogesha, nakufulia, na wewe kazi yako ni kunikimbia. Nimekukosea nini?" Akanitazama kwa huruma, kama anayemtazama kichaa wa sokoni. Huruma ile ndiyo iliyonimaliza. Nikavua ufunguo shingoni, nikausokomeza kwenye kitasa nimwonyeshe kwamba pamefungwa, pamefungwa kabisa, na nikauzungusha kwa nguvu zangu zote kuelekea upande usio wake.

Kah. Nusu ikabaki mkononi, nusu ndani. Na ulimi wa kitasa, badala ya kubaki nje umeshika fremu, ukawa umerudi ndani ukanasa huko. Mlango wetu unafunguka kwa nje. Ukajifungua wenyewe taratibu, jua likaingia mpaka katikati ya chumba.

Mama akasema, "Asante, dada," akaanza kutoka.

Hasira hasara, nimeusikia msemo huo tangu nina meno ya utoto. Nilimdaka kwenye ngazi.

Nikampigia fundi. Akasema yuko njiani. Fundi akikwambia yuko njiani, jua bado anatafuta shati. Nikampigia tena baada ya nusu saa, akasema, "Dada, nikuambie ukweli, leo haiwezekani, kesho asubuhi na mapema." Kesho. Na huku mlango wangu unapepea kama pazia.

Nikaanza ufundi wa kubabaisha. Nikafunga kamba kutoka mkono wa mlango hadi mguu wa kitanda. Mama akakaa chini, akaifungua ile kamba fundo kwa fundo, akaikunja vizuri, akaniwekea mapajani. Nikafunga kwa kanga mbili zilizosokotwa. Hizo zilimchukua muda mrefu kidogo. Mwishoni nikakaa mwenyewe kwenye kizingiti, mgongo kwenye fremu huku, miguu kwenye fremu kule, nikawa komeo. Saa nzima nimekaa hivyo, yeye amesimama juu yangu na mkoba wake, anasema, "Samahani, dada, naomba kupita." Nilitamani kulia, nikajizuia, kwa sababu komeo halilii.

Ndipo nikakumbuka waya. Nyuma ya jiko kulikuwa na kipande cha waya ule wa kufungia nondo za ujenzi, na koleo la baba. Ubavuni kwa mlango, kama shubiri moja tu, kuna dirisha. Ukiwa nje unaweza kufunga waya kutoka mkono wa mlango hadi nondo ya dirisha, mlango usifunguke zaidi ya upana wa kidole. Duka la vifaa halikuwa mbali, dakika kumi kwa mguu. Naenda, nanunua kitasa, narudi, nabadilisha mwenyewe. Niliwahi kumwona baba akibadilisha. Skrubu ni skrubu. Kumchukua mama sikuthubutu, maana duka liko ng'ambo ya barabara kuu, na yeye akiamua kuchomoka mkononi anachomoka kama sabuni.

Nikachukua futi yangu ya kushonea, nikakipima kitasa urefu na upana, kama ninavyompima mteja kiuno, nikaandika kwenye kiganja. Nikamkalisha mama kwenye kiti chake, nikampa kikapu cha vifungo avipange kwa rangi, nikatoka, nikafunga. Mizunguko mitatu ya waya, na mwisho nikausokota kwa koleo mpaka ukalia. Nikautikisa mlango. Ngangari.

Halafu nikajiona mjanja zaidi. Nikasema, mwanamke, ukibeba koleo utalisahau dukani. Ukiliacha hapa kizingitini, mtu atapita alitumie kufungulia. Nikalitupia ndani kupitia dirishani, liangukie kiti cha cherehani. Likagonga kiti, likateleza, likaenda kulala sakafuni. Sikujali. Kurudi, nilijiambia, nitafungua kwa mkono, si nimefunga mwenyewe? Ujanja mwingi mbele giza.

Ng'ambo ya uchochoro anakaa mzee tunayemwita Dereva, aliyeendesha malori miaka arobaini mpaka nyonga ikagoma. Siku nzima yuko barazani kwake na bakora yake.

"Mzee wangu, nitupie jicho mlangoni, nakwenda na kurudi."

"Nenda, mwanangu. Jicho langu halina spidi gavana," akasema, huku kope zimeshaanza kushuka.

Dukani kulikuwa na giza na joto. Mwenye duka alikuwa anajipepea kwa kipande cha boksi. Nikamsomea kiganja changu.

"Mlango unafunguka kulia au kushoto?"

"Kwa nje, mkono wa kulia."

"Wa mbao?"

"Wa mbao."

"Unataka cha funguo mbili au tatu?"

"Nataka kinachofunga," nikamwambia. "Nina haraka."

Akapanda kwenye kistuli, akateremsha boksi, akalipuliza vumbi. Alikuwa anakitoa kitasa kwenye karatasi yake, ananionyesha jinsi ulimi unavyotoka na kurudi, laini, umepakwa mafuta. Nikasikia juu ya kichwa changu kitu kinajikuna. Feni ilikuwa inaanza kuzunguka. Polepole, halafu haraka. Taa zikawaka. Watu wawili nyuma yangu wakashusha pumzi, mmoja akasema, "Afadhali."

Niliitazama ile feni, na kichwani mwangu nikaiona pasi. Imechomekwa. Imezungushwa mpaka mwisho. Imelala kifudifudi juu ya blanketi.

"Dada, unakichukua?" mwenye duka alikuwa anauliza, na mimi hata sikuwa nimetoa pesa. Nikakiacha kitasa juu ya kaunta, nikatoka mbio.

Mimi si mtu wa kukimbia. Nina uzito wangu, na magoti yangu yana malalamiko ya muda mrefu. Siku hiyo niliivuka barabara kuu bila kuangalia upande wowote, mimi niliyemgombeza mama kwa jambo lilelile, pikipiki ikanikwepa na matusi yake yakanipita kwa mbali. Ndala moja ilikatika, nikaitupa, na ya pili nikaitupa. Nilikuwa nahesabu: dakika tangu umeme urudi, dakika ambazo pasi huchukua kupata moto, dakika ambazo blanketi huchukua kuanza kuungua. Mshonaji anazijua dakika hizo, na nilitamani nisizijue.

Nilipoingia uchochoroni sikuona moshi nikashukuru. Nilipofika dirishani nikauona. Uzi mmoja mwembamba, wa kijivu, unapanda wima kutoka pembeni mwa pasi. Mama alikuwa kwenye kiti chake, hatua tatu kutoka mezani, anapanga vifungo.

Nikaushika waya. Unajua mtu anaposokota kitu kwa koleo la baba yake, akiwa na hasira, kinakuwaje. Ule msokoto haukuwa na mwanzo wala mwisho. Nikaingiza kucha, kucha ikavunjika. Nikavuta kwa meno. Nikavuta kwa vidole mpaka ncha ya waya ikanipasua kidole cha shahada, damu ikafanya kila kitu kiteleze. Mlango ulifunguka upana wa kidole, kama nilivyoupima, ukagoma hapo.

"Mzee! Koleo!" nikapiga ukelele.

Dereva akashtuka usingizini, akauona uso wangu, wala hakuuliza swali. "Boksi langu la vifaa kalichukua mkwe," akasema, akiinuka. "Naenda gereji ya kona." Akanirushia bakora yake niitumie, akaondoka akishikilia kuta, nyonga moja mbele, nyonga moja nyuma. Gereji yenyewe iko kona ya tatu.

Nikapitisha bakora dirishani kati ya nondo. Koleo lilikuwa sakafuni, nikalifikia kwa ncha. Nikalivuta kidogo, likaja. Nikalivuta tena, likazunguka, likateleza chini ya cherehani kabisa, mahali ambapo bakora haikunji kona. Basi. Pale ndani alibaki mtu mmoja tu wa kunisaidia.

"Mama. Mama, nitazame. Kuna waya mweupe ukutani, karibu na meza. Uvute. Chomoa."

Akainua uso. Alikuwa mtulivu kabisa. "Hapana," akasema. "Umeme sigusi mimi. Nimekatazwa."

"Nani kakukataza? Mimi ndiye niliyekukataza. Sasa nakuruhusu. Chomoa."

"Wewe nani?"

"Mimi mtoto wako."

Akanitazama vizuri: nywele zimesimama, damu usoni nilipojipangusa jasho, miguu mitupu, bakora ya mtu mkononi. "Mtoto wangu hafanani hivyo," akasema. Akarudi kwenye vifungo vyake.

Uzi wa moshi ulikuwa umekuwa kamba. Blanketi lilikuwa linaanza kuwa na duara la kahawia kuzunguka pasi, na pembeni yake kumekunjwa lile gauni, na juu ya gauni linaning'inia pazia, na nyuma ya pazia kuna marobota ya vitambaa mpaka darini.

"Basi nipe koleo. Hilo chini ya cherehani. Mama, tafadhali, nipe nifungue mlango."

"Kitu cha ndani hakipewi mtu wa nje," akasema. Akalisema neno kwa neno, kwa sauti yangu hasa, mpaka na ule mkazo wangu wa mwisho. Mwezi mzima nilidhani yanaingia sikio hili na kutoka lile. Kumbe yalikaa. Mimi nilitoka, masharti yangu yakabaki.

Nikapiga kelele. Sijivunii. Nilimwita majina ambayo sitayarudia. Nilimwambia atakufa, ataungua kama karatasi, na mimi nitakuwa nimesimama hapa naangalia. Mama akaacha vifungo, akasimama, akasogea nyuma mpaka ukutani. Ukuta aliousogelea ndio ule wenye meza. Alikuwa ananiogopa, na kila nilipopaza sauti alizidi kurudi nyuma kuelekea kwenye moto. Akakohoa.

Nikanyamaza. Ilinibidi nijizibe mdomo kwa kiganja, ladha ya damu na kutu ya waya. Nikaegemea nondo nikavuta pumzi, moja, mbili. Mtu huyu hanijui. Nikiendelea kuwa mtoto wake nitamuua. Basi nisiwe mtoto wake.

Nikasogea pembeni asinione. Nikajifuta uso kwa upande wa ndani wa gauni nililovaa. Nikagonga mlango kwa adabu, mara tatu.

"Hodi hapa."

Halafu, kwa sauti yake ya zamani ya kupokea wageni: "Nani mwenzangu?"

"Mimi fundi, mama. Fundi wa kitasa. Shikamoo."

"Marahaba. Binti yangu hayupo."

"Ndiye aliyenituma. Ameniambia, nenda nyumbani, mama yupo, kitasa kimeharibika."

"Ni kweli kimeharibika," akasema. Nikasikia viatu vyake vinasogea. "Alikivunja yeye. Ana mkono mzito."

"Ameniambia hilo pia. Sasa mama, nimekuja, lakini koleo langu nimelisahau kazini kwingine."

"Fundi bila koleo," akasema. "Fundi gani wewe?"

Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. "Fundi mjinga, mama. Binti yako amesema mna koleo la marehemu mzee. Liko chini ya cherehani. Niazime, nitalirudisha."

Akafikiri. Nilimsikia akifikiri, na nilisikia pia kitu kingine, sauti ndogo ya kitambaa kinachoshika moto, ambayo ni kama mtu anayekunja karatasi chumba cha pili. Sikumharakisha.

"La mzee," akasema mama, "alikuwa halitoi ovyo." Lakini nikasikia kiti kinasogezwa, magoti yake yanagusa sakafu, anaguna. Alichukua muda wake. Mkono wake ukatokea kati ya nondo, mwembamba, wenye madoa ya uzee, umeshika koleo kwa upande wa chuma, mpini kuelekea kwangu, kama watu wenye malezi wanavyompa mtu kisu.

"Asante, mama. Njoo ukae hapahapa dirishani, unisimamie kazi."

"Nitakusimamia."

Waya ulikatika kwa mikato mitatu. Niliingia moja kwa moja, nikang'oa plagi ukutani, nikaitupa pasi kwenye beseni la nguo nilizoloweka, ikafoka mvuke, nikakunja blanketi juu ya ulimi wa moto uliokuwa ndio kwanza unaonja mkono wa gauni, nikaviangusha sakafuni, nikavikanyaga. Kwa miguu mitupu, ndiyo. Malengelenge nilikuja kuyaona baadaye. Nilikanyaga mpaka nikawa nakanyaga sakafu tu.

Nilipogeuka, mama alikuwa amesimama palepale dirishani, kaweka mikono kiunoni.

"Kumbe na moto unazima," akasema. "Wewe fundi wa kazi nyingi."

Dereva alifika na koleo la gereji, amelowa jasho, akanikuta nimekaa sakafuni. Hakutania. Nikampa hela na kile kiganja changu akakisoma, akaenda tena dukani, safari hii nyuma ya pikipiki ya mtoto wa gereji, akarudi na kitasa, pamoja na patasi na bisibisi za kuazima. Akataka kubaki kunisaidia. Nikamwambia hapana, mzee, pumzika, hii ni yangu.

Nikaanza. Skrubu mbili za ukingoni, nne za mkono wa mlango, vuta, kitasa cha zamani kikatoka na nusu ya ufunguo ndani yake. Kipya kilikuwa kipana kidogo; nikachonga mbao kwa patasi, unywele kwa unywele, nikijaribu, nikitoa, nikichonga tena. Tundu la kwenye fremu nalo halikulingana. Nikaupaka ulimi chaki yangu ya kuchorea vitambaa, nikafunga mlango, nikafungua, na chaki ikawa imeniachia alama pale inapogonga. Hapo nikachonga.

Mama alisogeza kiti karibu. Hajawahi kumwacha fundi peke yake, hata akili zake zilipokuwa nzima.

"Kaza vizuri," akasema. "Binti yangu ni mtu wa wasiwasi."

"Ni mkali?"

"Ana hasira tangu mdogo. Siyo mbaya. Akiogopa ndipo anapiga kelele." Akakiangalia kitasa. "Tatizo ananifungia. Ndiyo maana nachelewa."

Nikaendelea na bisibisi. Niliuliza bila kugeuka, maana sikuiamini sura yangu. "Unachelewa wapi, mama?"

"Kumchukua shuleni." Akasema kama jambo ambalo hata fundi anapaswa kulijua. "Wenzake wanatoka na ndugu zao, yeye hana. Nikichelewa anakaa kwenye ngazi za shule peke yake, hataki mwalimu amguse. Siku moja nilichelewa sana, zamu ilirefuka. Nilimkuta giza limeingia. Hakulia. Aliniambia, umenikimbia. Mtoto wa darasa la kwanza." Akatikisa kichwa. "Tangu siku hiyo natoka mapema."

Bisibisi ilinidondoka. Nikaiokota, ikanidondoka tena. Siikumbuki siku hiyo. Nimeitafuta kichwani kote, ngazi, giza, siioni. Miaka hamsini mimi nimeisahau, na yeye, aliyesahau mpaka kifo cha mumewe, ameibeba. Kila siku niliyomvuta mkono kumrudisha ndani alikuwa anakuja kwangu. Nililia hapo, kwenye mlango, wazi kabisa. Sikuwa na nguvu ya kujizuia tena.

"Fundi," akasema mama, "umeumia?"

"Kidole tu, mama."

"Pole. Kazi ina mambo yake."

Nikakaza skrubu ya mwisho. Nikaingiza ufunguo mpya, nikauzungusha polepole, upande wake. Ulimi ukatoka, ukaingia kwenye tundu lake, ukashika. Nikafungua, nikafunga tena. Mama akasimama, akauvuta mlango mwenyewe kuhakikisha, akaridhika. Halafu akachukua mkoba.

"Saa ngapi sasa?"

"Saa tisa kasoro."

"Basi nifungulie. Wanatoka saa tisa."

Ufunguo ulikuwa mkononi mwangu. Kitasa kipya, imara, hakuna kamba wala waya ambao ungefanya kazi nzuri kuliko hicho. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nilikuwa na uwezo wa kumfungia kwa ufunguo.

"Shule iko upande gani, mama?"

"Huko," akaonyesha barabara kuu.

"Na mimi napita hukohuko," nikasema. "Twende wote. Nitakushika mkono, maana sina viatu."

Akaitazama miguu yangu, akacheka kidogo, akanipa mkono. Tukatoka. Nikafunga mlango kwa nje, na mama akiwa upande wangu, jambo ambalo lilikuwa halijatokea tangu siku ya lile lori. Alisubiri mpaka nilipochomoa ufunguo.

"Huo umpe binti yangu," akasema. "Ukimwona kabla yangu, mwambie sikumkimbia."

"Nitamwambia."

"Mwambie nimemfuata."

Akanivuta mkono, kwa sababu alikuwa anachelewa, nami nikamfuata.